Nilichagua Urusi Ili Nilitafute Kaburi la Kaka Yangu

Mwaka 1965 nilihudhuria mazishi ya kaka yangu. Mwaka 1967, saa saba mchana, jua linawaka, nikamkuta amesimama juu ya kaburi lake.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha sita, nakata majani makavu ya migomba kwenye kibanja chetu pale Ijuganyondo, Bukoba.

Nikasikia mtu anakohoa.

Nikainua kichwa. Datius.

Amekonda, ana ndevu, shati la kaki limepauka. Anautazama msalaba wenye jina lake kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Akanigeukia.

"Dami," akasema.

Jina langu ni Damian. "Dami" aliniita yeye tu, duniani kote.

Aisee, sijui panga nililitupa wapi. Nilitoka nduki, majani ya migomba yananichapa usoni, nikaenda kuangukia miguuni kwa mama jikoni.

Mama yangu, Ma Joviana, hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja.

"Amekuita jina?"

"Ndiyo, mawe," nikajibu; kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

"Mimi wiki iliyopita alinitazama tu, kule kisimani. Hakusema neno. Wewe amekuita."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Datius alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kwenda kusoma Ulaya. Ilikuwa 1962, Uhuru bado unanukia rangi mbichi. Alipata nafasi ya kusomea udaktari Kiev. Siku hizo kote kule sisi tulikuita Urusi tu.

Baba yetu, Ta Karugendo, alikuwa mwalimu wa dini. Mtu wa neno moja. Jumapili ile Datius anaondoka, baba alisimama mbele ya kanisa akasema:

"Kuanzia leo kijiji hiki kina daktari."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili tunamwombea "daktari wetu". Wanawake wenye miguu inayovimba walisema watavumilia mpaka Datius arudi. Kuna mzee alikuwa na ngiri, akagoma kabisa kwenda hospitali. Anamngoja Datius!

Barua zilikuja miaka miwili. Halafu kimya.

Februari 1965 baba akatukusanya sebuleni. Ameshika barua.

"Datius amefariki. Baridi ilimwingia kifuani. Wamemzika huko huko."

Ile barua ilikuwa ya lugha ya kigeni. Aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuna aliyeomba kuiona. Nani angemwambia mwalimu wa dini athibitishe maneno yake?

Kwetu Wahaya, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika mgomba badala yake. Tukakata mgomba, tukauvisha sanda, tukausomea sala, tukaufukia, tukasimika msalaba wenye jina lake. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, siku tisa akawa anaongea kwa mikono. Baba hakutoa chozi. Watu wakasema, huyo ndiye mwanamume mwenye imani.

Huo ndio msalaba niliomkuta Datius akiusoma.

Alirudi tena. Mchana mmoja mvua inanyesha, mama akasikia kikohozi nyuma ya jiko. Alipotoka hakukuta mtu. Kulikuwa na nyayo tu kwenye tope, za miguu mitupu, zimesimama muda mrefu sehemu moja kisha zimeondoka.

Leo ningejiuliza: marehemu anaacha nyayo tangu lini? Lakini hofu ikiingia, akili inahama.

Wiki hiyo hiyo ndipo ikaja barua yangu kutoka wizarani.

Nafasi mbili. Zote za shahada kamili, zote za kilimo. Kanada au Urusi. Nichague ndani ya siku kumi na nne.

Padre akasema Kanada. Mwalimu mkuu wangu wa zamani akasema Kanada: "Kiingereza unakijua. Urusi utapoteza mwaka mzima kujifunza kuomba maji ya kunywa." Hata mimi moyo wangu ulikuwa Kanada. Nilishaona picha kwenye gazeti la padre, mashamba ya ngano hayana mwisho, mtu mmoja na trekta lake. Nilikuwa naiota ile picha.

Mama akaniita kibanjani, karibu na ule msalaba.

"Mwanangu, mtu akilala ugenini bila ndugu yake kulisimamia kaburi lake, hatulii. Ndiyo maana anakuja kwetu. Nenda Urusi. Umtafute. Uniletee udongo wa pale alipolala, hata wa kujaa kiganja."

Utamjibu nini mama yako?

Nikaenda kumwambia baba.

"Tata, nimeamua. Nitakwenda Urusi."

"Huendi."

"Mawe ameniomba..."

"Nimesema huendi!" Akasimama. "Kule hakuna Mungu. Nimeshazika mtoto mmoja, unataka nizike wawili? Utakwenda Kanada!"

Rozari ikamdondoka, akaikanyaga asijue. Sikuwahi kuona rozari ya baba ikigusa chini. Nikasema moyoni, kumbe mzee anatupenda hivi.

Nikaijaza fomu. Urusi.

Baba hakusema nami tena mpaka naondoka. Siku ya meli, bandarini alikuja mama peke yake.

Kiev. Mwaka wa kwanza ni lugha tu. Nilichojifunza mapema ni neno "makaburi". Jumapili wenzangu wanapumzika, mimi natembea kwenye theluji nikisoma majina kwenye mawe. Sikuona jina la Datius. Sikuona hata jina moja la Kiafrika.

Mwishowe nikaenda kwenye chuo alichosoma. Mama mmoja mtu mzima wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akalitafuta jalada. Akalisoma. Akavua miwani, akalisoma tena.

"Kijana, nani alikwambia kaka yako alikufa?"

"Barua ilikuja nyumbani."

"Haikutoka hapa. Huyu alishindwa mitihani ya mwaka wa kwanza, akarudia, akashindwa tena. Juni 1964 tulimrudisha kwao. Hii hapa sahihi yake, alipopokea tiketi ya ndege."

Ilikuwa sahihi yake kweli. Nikahisi baridi ambayo koti halizuii.

Juni 1964. Sisi tulimzika Februari 1965. Hiyo miezi minane alikuwa wapi?

Nikaandika nyumbani. Mama hakujua kusoma, barua zote alisomewa na baba. Jibu likaja baada ya miezi mitatu, mwandiko wa baba, mistari miwili: "Hao ni waongo. Usiulize tena, soma."

Nikamwamini nusu.

Hiyo nusu nyingine ilinitafuna miaka yote mitano iliyobaki. Nikisikia kikohozi kwenye korido ya bweni, nageuka, hakuna mtu. Kila mgongo mwembamba nikiuona kwenye tramu, nasukuma watu mpaka niuone uso. Halafu lile neno "alishindwa" likawa linakaa nami mezani. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nilipata alama za juu kuliko Warusi wenyewe, wala sikufurahi.

Nilirudi 1973, bwana shamba mwenye shahada. Ndio wakati vijiji vya ujamaa vimepamba moto. Mkoa wetu, siku hizo ukiitwa Ziwa Magharibi, ukanituma tambarare za Muleba, mbele ya Kyamyorwa. Watu walikuwa wametolewa kwenye vilima vyenye migomba, wanaanza upya kwenye nyasi na mbung'o.

Katibu wa kijiji, bwana mmoja mchangamfu anaitwa Muhidini, akanitembeza mashamba ya mahindi. Tulipomaliza akasema:

"Bwana shamba, usiondoke bila kuona darasa letu la watu wazima. Tuna mwalimu moto wa kuotea mbali. Anaitwa Buberwa. Anajua mpaka Kirusi, sijui alikitoa wapi!"

Nikamwambia anipeleke.

Lilikuwa banda la nyasi. Ndani wazee kama ishirini na vibao vyao vya kuandikia. Mwalimu ametupa mgongo, anaandika ubaoni.

Akakohoa.

Akageuka. Tukatazamana. Chaki ikabaki hewani.

"Leo hukimbii?" akaniuliza.

Nilikaa chini. Palepale kwenye vumbi, na suruali yangu ya ofisi. Nikaushika mguu wake. Wa moto. Mguu wa mtu mzima mwenye damu. Nikalia mbele ya wanafunzi wake bila aibu.

Alipowaruhusu, tukabaki wawili.

"Nilishuka na meli Jumapili asubuhi," Datius akasema. "Nikapanda kwa miguu mpaka Ijuganyondo. Kabla sijafika nyumbani nikakutana na Tata, anawahi kufungua kanisa."

"Baba? Ulikutana na baba?"

"Akaniuliza, cheti kiko wapi? Nikasema, nimeshindwa, Tata. Akatazama njia, mbele na nyuma, kama kuna mtu ametuona. Kisha akaniambia, 'Mwanangu yuko Urusi, anasomea udaktari. Wewe sikujui. Ondoka kabla waumini hawajafika.'"

Kwa hiyo ile barua ya lugha ya kigeni haikuwa ya kifo.

Baba alijua. Aliushonea mgomba sanda huku anajua. Aliongoza sala za wafu huku anajua. Alimtazama mama akiongea kwa mikono siku tisa, na alijua.

"Nikavuka kwenda Uganda," Datius akaendelea, "nikajiita Buberwa, nikafanya vibarua mashambani. Nikashindwa kukaa bila kumwona mawe. Nikaja nichungulie tu. Nikakuta kaburi."

"Mbona hukuingia? Tulikuwepo!"

"Damian, ukishasoma jina lako msalabani, miguu haivuki. Nilidhani mmekubaliana nyote. Nikakuita wewe. Wewe ulikuwa mdogo wangu, nikasema huyu atanikaribia." Akafuta chaki mkononi. "Ukakimbia. Hata siku ya mvua, nyuma ya jiko, nilishindwa kubisha, nikaja kuishi huku. Nikajua basi, ndivyo mlivyoamua."

Ndugu zangu, nimesikia maneno mengi mabaya maishani. Hayo ndiyo yananiamsha mpaka leo.

Kesho yake nikampakia kwenye Landrova ya serikali.

Tulimkuta mama anamenya ndizi. Baba yuko kwenye benchi mlangoni, rozari mkononi. Mama aliinua macho, akaweka kisu chini, akaja taratibu. Hakukimbia. Akamshika Datius taya zote mbili, akamgeuza uso huku na huku kama anavyofanywa mtoto aliyetoka kucheza.

"Mwana wange," akasema. Mwanangu. Basi.

Kisha akamgeukia mumewe, ambaye hakushtuka wala kuinuka.

"Baba Datius. Ulijua?"

Rozari ikasimama. Baba alitazama miguu yake.

"Nilishawaambia watu ni daktari," akasema. "Ningewaambia nini?"

Nilitegemea mama apige yowe, majirani wajae. Hapana. Alirudi akamalizia kumenya, akapika, akampakulia baba kwanza, kwa heshima kama siku zote. Tukala. Akaosha sufuria. Akaingia ndani, akatoka na mkeka na kapu la nguo, akapanda Landrova.

"Mawe, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mwanangu. Si daktari, lakini yupo."

Hakulala tena nyumba ile. Aliishi kule tambarare na Datius miaka kumi na minne. Akajifunza kusoma kwenye darasa lake, na miaka sitini na ushee yake, akawa msumbufu kuliko wanafunzi wote.

Shahada yangu niliitundika sebuleni kwa baba, maana ndicho alichokitaka. Alikaa chini yake peke yake miaka minne. Nikienda kumsalimia namkuta benchi lile lile, lakini siku hizo amegeuka, anatazama ukuta. Sijui alikuwa anamwona nani. Wakati mwingine alinyanyua mkono kama mtu anayefukuza kitu.

Alifariki 1977. Mama alikuja mazishini, akakaa na wageni. Datius ndiye aliyeshika koleo, hakumwachia mtu mpaka kaburi likajaa.

Sasa mimi ni mzee, napenda kupitia kurasa hizi za mtandaoni za masomo ya nje. Kila siku naona vijana mnaulizana: niende China au Poland? Uturuki au India? Wapi shahada inatambulika, wapi baridi siyo kali? Ulizeni, ni vizuri kuuliza.

Lakini neno langu leo ni kwa wazazi.

Kabla mtoto hajapanda ndege, mkalishe, umwambie kwa mdomo wako: ukishindwa, rudi. Rudi mchana, watu wanaona. Usimtangaze kanisani wala msikitini kabla hajawa, maana siku moja utalazimika kuchagua kati yake na tangazo lako.

Mimi nimesomesha wanne nje. Wote niliwaambia hivyo.

Wa tatu alirudi mwaka wa pili, mikono mitupu, amesimama getini, anashindwa kubonyeza kengele. Nilitoka mwenyewe, nikampokea begi. Mke wangu akachinja kuku.

Ukimchagulia mtoto nchi ya kwenda, mchagulie na njia ya kurudi.