Tairi Niliyorudi Nayo Nyumbani

Mwanangu, bado hujui kusoma, na mimi mwenyewe naandika polepole kwa sababu shule niliacha darasa la saba. Lakini nakumbuka vizuri siku niliyoenda Nakuru kununua breki za pikipiki, na hasira ya siku hiyo haijaniisha. Nataka uikute kwenye karatasi hii ukishakua.

Wakati huo tairi yangu ya nyuma ilikuwa imeisha meno kabla hata msimu mmoja wa viazi haujapita. Pale steji yetu ya bodaboda, Molo, wenzangu walinicheka. "Wewe hubebi viazi, unabeba mawe!" Mimi ni mtu wa aibu, kwetu nyumbani mama yako ndiye huongea, kwa hivyo nilicheka nao. Kisha nikafanya tunavyofanya sote tairi ikiwa kipara. Nilimpelekea fundi, akapasha kisu moto, akachonga meno mapya kwenye mpira uleule. Kwa macho tairi ilionekana mpya. Kumbe mpira ulikuwa umepungua tu unene.

Dukani Nakuru, palepale nilipoinunua tairi hiyo, niliona karatasi ukutani, imefunikwa nusu na tyubu zilizotundikwa. Niliisoma neno kwa neno huku watu wakinipita kwenye foleni. Ilisema kampuni iliyotengeneza tairi hizo imegundua mpira wake ni mbovu, unaisha haraka na unaweza kupasuka. Wenye tairi za nambari zilizoandikwa pale wazirudishe, wapewe nyingine. Nilitoka nje, nikainama kando ya pikipiki. Nambari ni zilezile.

Nilimwita mwenye duka. Akaitazama tairi mara moja.

"Hii umechonga, boss. Kampuni haichukui tairi iliyoguswa na kisu."

Jibu nilikuwa nalo. Nilichonga kwa sababu iliisha mapema, na iliisha mapema kwa sababu mlituuzia mpira mbovu. Lakini watu walikuwa wananitazama.

"Sawa, boss," nikasema.

Nikarudi Molo juu ya tairi ileile. Steji sikumwambia mtu. Niliona wangesema nimefukuzwa dukani kama mtoto.

Siku ya tatu nilimbeba mama yako kwenda kliniki. Wewe ulikuwa tumboni, miezi saba. Tukiwa kwenye mteremko, tairi ikapasuka. Nilimwona akianguka kwa ubavu, mikono yote miwili imeshika tumbo badala ya kujikinga. Mkono wa kulia ulivunjika. Daktari alitafuta mapigo ya moyo wako kwa muda mrefu, na mimi nilisimama pale nikiwa siwezi hata kuomba.

Yalipopatikana, Mzee Kiprono, mwenyekiti wa steji yetu, alikuwa amefika. Nilimweleza yote.

"Na huyo wa duka ulimjibu nini?"

"Nilisema sawa."

"Na sisi? Ulituambia?"

Nikatikisa kichwa kukana.

"Kijana, mimi nina tairi kama hiyo! Jana nimebeba watoto wawili wa shule! Wewe ulijua, ukakaa hapo kwa steji ukitusalimia!"

Alipiga kelele mpaka nesi akamtoa nje. Hakunionea hata kidogo.

Kesho yake tulienda Nakuru watu saba wa steji, tairi za nambari zile mabegani. Mzee akanisukuma mbele. Mwenye duka akanitambua.

"Wewe si ulisema sawa?"

"Nilisema. Leo nasema si sawa."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka, na ikishatoka sikunyamaza. Niliziondoa zile tyubu ukutani kwa mkono wangu, nikaisoma karatasi kwa sauti, polepole vilevile, mpaka mstari wa mwisho. Duka zima lilinisubiri. Tairi zetu zilichukuliwa zote, hata yangu iliyopasuka.

Mwanangu, waliotengeneza walijua. Mwenye duka alijua, akatundika tyubu juu ya maneno. Nawakasirikia mpaka leo, kila ninapomwona mama yako akikubeba kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haunyooki. Lakini kwa siku tatu mimi pia nilijua. Ukijua jambo linaloweza kuumiza mtu, liseme. Liseme hata kama sauti inatetemeka, hata kama watakucheka. Na ukijibiwa vibaya, usiseme sawa ili tu uondoke.

Mungu akupe mdomo wa mama yako, mwanangu, na kila barabara utakayopita ikurudishe nyumbani mzima.