Kima cha Chini Nyumbani Kwangu

Mwezi ule nilikuwa sishikiki. Ofisini kwetu Al Khuwair, hapa Maskati, tulikuwa tunaandaa maoni juu ya sheria ya kupandisha kima cha chini cha mshahara, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga chapa rasimu. Basi kila nikirudi nyumbani Al Hail nawahutubia watu mezani. Mtu hawezi kuishi kwa kima kilichopo! Kodi imepanda, maziwa yamepanda, hata vitunguu! Mama yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akila samaki wake. Dada wetu wa kazi, mtu wa Tanga aliyekuwa nasi mwaka wa tatu, alikuwa akituongezea wali.

Alhamisi dada huyo akanifuata chumbani. Binti yake kapata nafasi chuo cha uuguzi huko kwao, na kwa mshahara ninaompa ada haifiki. Akaniomba nimwongeze, la sivyo binti atakaa nyumbani na nafasi atapewa mwingine. Nikamwambia nitafikiri. Kusema kweli nilikuwa nimeshafikiri: nilikusudia kujitia nimesahau.

Ijumaa kaka yangu akaja kula chakula cha mchana na mkewe. Wifi ni mtu wa Nizwa, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Tulipokwisha kula akaniuliza kwa Kiarabu, bila kupepesa macho, mfanyakazi wangu namlipa kiasi gani, maana wa kwake kaondoka na anatafuta mwingine. Nikashtuka. Nikajua anayetafutwa ni dada wangu wa kazi.

Sasa, sisi watu wa Unguja tulioko Maskati tuna tabia moja: tukitaka siri, tunahamia Kiswahili. Dukani kabla ya kukubali bei, hospitalini, kwenye harusi za watu, tunawasengenya wenyewe mbele yao. Nimelelewa hivyo, na mdomo wangu hauombi ruhusa. Nikamtabasamia wifi, nikamgeukia mama, nikasema, "Usimwambie, mama. Huyu nampa kidogo sana. Wifi akijua atampandishia amchukue, na mwenyewe hana habari."

Mama akatoa macho, lakini hakuwa akinitazama mimi. Nyuma yangu dada alikuwa kasimama na sinia la kahawa na halua. Mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaweka sinia taratibu, akammiminia wifi kahawa, kisha akamjibu swali lake kwa Kiarabu cha jikoni, mpaka riali ya mwisho. Wifi akaniangalia mimi. Kaka akaangalia halua.

"Nnakusikia mwezi mzima unatupigia kelele za mishahara," mama akasema. "Kumbe ni mishahara ya watu walio nje ya nyumba hii tu."

"Mama, ile sheria ni ya raia walioajiriwa kwenye makampuni. Yeye haimhusu..."

"Dada," yule wa Tanga akanikata, "mimi sikuuliza sheria. Nimeuliza ada ya mwanangu."

Nikapandwa na hasira: kwanza juu yake, kisha juu ya wifi aliyekuwa keshatoa simu anapiga hesabu, na mwisho, kwa kuchelewa, juu yangu mwenyewe.

Nikavuta karatasi, nikaandika kiwango kipya. Mama akakitazama, akanisukumia karatasi irudi. Nikaandika kingine. Akaisukuma tena. Sijaona kamati yenye ukali wa mama yangu na kanga yake begani. Mara ya tatu dada akaichukua mwenyewe, akaisoma mara mbili, akasema, "Hii inafika." Wifi akarudisha simu mkobani.

Binti kaanza chuo. Juzi mama yake alinionyesha picha: sare nyeupe, viatu vipya, na uso wa mtu anayejizuia kucheka. Nilifurahi kama vile ni mwanangu. Halafu, kwa udadisi wangu, nikalinganisha. Kiwango kile cha tatu, kilichonitoa jasho mbele ya wageni, bado kiko chini ya kima cha zamani, kile nilichokuwa nikiapa kwamba mtu hawezi kuishi nacho. Yeye hajaniuliza, nami sijamwambia. Naona haya.