Maji Yaliyomezwa

Prisca hakuwa mtu wa kuchekacheka. Majirani zake wa Kihonda walisema hata mbwa wa mtaani humpisha njia, na yeye aliposikia hakukanusha. Kazini, kwenye maabara ya tishu ya Daktari Kibwana, nyuma ya maduka ya pembejeo mjini Morogoro, alikuwa na adui mmoja tu, lakini alimtosha. Aliitwa Luqmani, na walikaa chumba kimoja.

Kazi yao ilikuwa kukata nyama, tena si ya buchani. Hospitali na madaktari wa mifugo walileta vinyama vilivyotolewa kwenye miili ya wagonjwa, vya watu na vya wanyama. Kila kinyama hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa mashine yenye wembe mpaka kitoke chembamba kiasi kwamba ukikohoa kinapeperuka. Huwekwa juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni jeusi, kikajinyoosha, kikaopolewa kwa kipande cha kioo kiitwacho slaidi, kikatiwa rangi. Ndipo Daktari Kibwana hukitazama kwa hadubini na kusema kama mwenye mwili ana saratani au hana. Mashine za kukatia zilikuwa mbili. Beseni lilikuwa moja.

Beseni la namna hiyo lina sheria yake. Kinyama kikishaopolewa, uso wa maji hufutwa kwa karatasi laini, maana huenda chembe imebaki inaelea, na anayefuata akiopoa cha kwake, ile chembe ya mwingine hupanda pamoja nacho kwenye slaidi. Lakini nani afute? Prisca alifundishwa kwamba anayemaliza ndiye anayefuta, kama vile aliyekula ndiye anayeosha sahani yake. Luqmani, aliyetoka Tanga na stashahada yake, alifundishwa kwamba anayeanza ndiye anayefuta, kwa sababu mgonjwa ni wake na usafi wa mgonjwa wako huuachi kwa mtu mwingine. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Walipokuwa wakipatana beseni lilifutwa mara mbili. Walipogombana halikufutwa kabisa.

Waligombana kwa ajili ya mashine mpya. Daktari alimpa Luqmani, Prisca akaachiwa ile kongwe, na Luqmani akatamka mbele ya watu kwamba macho ya mama Doreen, ndivyo alivyomwita Prisca kwa jina la bintiye, yamechoka. Kijana huyo huyo Prisca ndiye aliyemshika mkono siku za mwanzo, alipokuwa akikata vipande vinene kama chapati! Hakumsamehe. Luqmani naye akaacha kumwamkia. Basi kila asubuhi Prisca alipoingia alisema kwa sauti, "Marahaba," akiujibu ukuta, apate kumwaibisha. Akitaka kijiko cha chai alimwambia Daktari amwambie huyo wa mashine mpya alete kijiko. Daktari Kibwana alikuwa na vinyama vya mkoa mzima vya kutazama, akawaacha watafunane.

Siku ya balaa lenyewe, Prisca alichukua kipande cha nta kwenye trei akasoma jina. Yuliana, wa Mgeta, titi la kushoto. Alisoma tena. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na hakuna aliyemwambia kwamba anaumwa.

Angeambiwa na nani? Hawakuwa wanasemeshana tangu mama yao alipofariki. Shamba la mama lililokuwa chini ya chemchemi, lenye matuta ya karoti na kabichi yanayoshuka mlima ngazi kwa ngazi, mjomba Fransisko alimpa Yuliana lote. Ardhi ya kwao hupita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. "Aliyekwenda mjini ana mshahara," alisema mzee, "aliyebaki ana jembe." Prisca alisimama katikati ya matanga akawaambia, basi nikifa mnizike kwenye lami, akashuka mlima na hakupanda tena. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwa hawa wawili, jembe lilikuwa tayari mkononi mwa mmojawapo.

Luqmani alikuwa ndiyo kwanza ainuke kwenye beseni, amemaliza uvimbe wa matiti ya mbwa jike aliyeletwa na mfugaji mmoja wa Kingolwira. Hakufuta. Prisca alimwona hakufuta. Karatasi alikuwa nayo mkononi, akaitazama, akaiweka mezani. Uchafu wa Luqmani si kazi yake. Akakata kinyama cha mdogo wake kwa mikono iliyojaa hasira, akakielesha, akakiopoa. Majini hakuona kitu, na wala hakutazama.

Jibu la Daktari Kibwana lilikuwa saratani. Prisca alijisikia vibaya, halafu akajichukia kwa kujisikia vibaya. Alipokuwa bado analumbana na moyo wake, mjomba akapiga simu. Hospitali imeamua titi lote liondolewe, na Yuliana anamtaka dada yake kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Alipanda Mgeta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na kinamama wa ukoo walikuwa barazani wakimenya njegere kana kwamba msiba umeshaanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekumbuka njia?"

"Njia haijahama."

Yuliana alikuwa ameketi mkekani, amejifunga khanga hadi kidevuni. Alikuwa amekonda. Prisca alitaka kufurahi kidogo, furaha ikagoma kuja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuita kwa ajili ya shamba," Yuliana alisema. "Mimi nimezaa wavulana watupu. Nikifa, shamba la mama litamfuata nani? Wewe una Doreen. Lichukue. Nasema mbele ya mjomba na mbele ya kina mama hawa."

Mjomba Fransisko akaleta bakuli la maji. Katika ukoo wao mapatano hayafungwi kwa mdomo mkavu. Kila mmoja hujaza maji kinywani, huyazungusha pamoja na kinyongo chake, kisha huyapuliza chini ardhi iyanywe. Mwenye kuyameza amekataa kusamehe; kinyongo amekiweka tumboni akitunze. Watoto wa ukoo ule hulijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma.

Yuliana alijaza kinywa, akapuliza, udongo ukalowa. Akampa dada yake bakuli. Prisca akajaza kinywa chake, na alipoliteremsha bakuli aliona kigozi cha njegere kinaelea juu ya maji, chembamba, karibu hakina rangi. Kilitoka kwenye vidole vya mtu aliyelishika bakuli kabla yake.

Akaliona beseni jeusi. Akauona mgongo wa Luqmani ukiondoka na karatasi ikiwa mezani. Matiti ya mbwa, nayo yalikutwa na saratani. Saratani ya titi la mbwa na ya titi la mtu, ukishazikata na kuzitia rangi, hufanana hata kwa mtaalamu. Akashtuka akavuta pumzi, na maji yakashuka.

"Umeyameza," mjomba Fransisko alisema.

"Yamepita yenyewe, mjomba."

"Maji hayapiti yenyewe. Yanapitishwa."

Kina mama waliacha kumenya. Mmoja alisema kwa Kiluguru neno ambalo Prisca alikuwa hajalisikia tangu utotoni, na halikuwa neno la kumsifu mtu. Yuliana aligeukia ukuta.

"Shamba nimeshalitoa," alisema. "Sirudishi neno langu kwa sababu ya roho yako mbaya. Meza utakavyo."

Hapo ndipo Prisca angesema. Hakusema. Alijiambia hana hakika, atawapa watu tumaini la bure, kwanza akahakikishe. Hayo yote yalikuwa kweli, na si hayo yaliyomfunga mdomo. Wakati wa kushuka hakupita njia kuu; alipita shambani. Karoti zilikuwa zimependeza. Chemchemi ilikuwa pale pale, na jiwe ambalo mama alifulia lilikuwa pale pale. Akasimama kwenye tuta la juu akahesabu moyoni, Doreen anaweza kujenga hapa, pale tukapanda matunda damu. Akinyamaza, titi la Yuliana litaondoka na shamba litabaki kwake. Tena nani atajua? Luqmani ameshasahau mbwa wake, Daktari ameshasema neno lake, na watu hukatwa matiti kila siku wakaishi. Alisimama hapo mpaka ukungu ukamlowesha nguo. Shetani hakuhitaji hata kumsaidia.

Kilichomshinda si wema. Wema ungemfanya arudi juu nyumbani akaseme saa ile ile. Kilichomshinda ni ule mkeka na khanga ile iliyofungwa hadi kidevuni, kwa sababu ndivyo Yuliana alivyokuwa akijifunga utotoni alipoogopa radi, naye alikuwa akijificha ubavuni kwa Prisca. Alishuka akilaani njia nzima, mawe, mvua, mjomba, na yule mbwa wa Kingolwira.

Kesho yake aliingia maabara, na kwa mara ya kwanza hakuujibu ukuta.

"Ile siku ya mbwa wa Kingolwira," alisema, "ulifuta beseni?"

Luqmani alitazama nyuma kama kuna mtu mwingine chumbani. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Anayeanza ndiye anayefuta, mama Doreen. Nimesema tangu siku ya kwanza."

"Nilikuwa na karatasi mkononi. Nikaiweka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa uchafu wako."

Luqmani akasimamisha mashine yake. "Aliyefuata alikuwa nani?"

"Titi la mdogo wangu. Wanamkata kesho asubuhi."

Luqmani angeweza kukana. Angesema amefuta, na nani angeamini macho yaliyochoka? Alivua glavu polepole, akamtazama Prisca kwa chuki ambayo wala hakujaribu kuificha.

"Wewe ni mtu mbaya sana," alisema.

"Najua. Na wewe unanifuata kwa karibu. Twende kwa Daktari."

Daktari Kibwana aliwasikiliza amesimama. Akaitafuta ile slaidi, akainamia hadubini, akaisogeza kidogo kidogo mpaka pembeni. Seli mbaya zilikuwa kwenye kipande kidogo kilichokaa peke yake pembeni. Alikuwa amekiona, alisema, akadhani kimekatika tu kutoka kwenye nyama kubwa. Titi ni titi. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

Nta yenye kinyama cha Yuliana ilikuwa bado ipo. Prisca hakuthubutu kuigusa, kwa hiyo Luqmani ndiye aliyekata, sehemu ya juu na ya ndani zaidi. Kabla hajaelesha, Luqmani alifuta maji. Alipomaliza, Prisca alifuta maji. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Halafu wakasubiri rangi ishike, na Prisca, ambaye siku za kawaida hakukanyaga kanisani, alijikuta anamwomba Mama Maria kwa maneno ya mtoto.

"Uvimbe wa kawaida," Daktari Kibwana alisema hatimaye. "Hauna saratani popote. Kutoa uvimbe wenyewe kunatosha, titi libaki." Akampigia daktari wa upasuaji, simu ikaita bila kupokelewa, akapiga tena, na tena, mpaka jioni ndipo ikapokelewa. Kisha akawageukia. "Nikipata watu wa kuwabadilisha, mtaondoka wote wawili. Na mdogo wako utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Asubuhi Prisca alimkuta Yuliana wodini, ameshavaa gauni la upasuaji, hajui kwa nini hawaji kumchukua. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya maji ambayo haikufunguliwa, kwa kuwa mgonjwa wa kupasuliwa hukatazwa kula na kunywa. Prisca hakuketi. Alieleza yote, beseni, mbwa, karatasi aliyoiweka mezani. Yuliana akashika titi lake la kushoto kwa mikono miwili mbele za watu, akalia. Alilia sana, na Prisca alipomsogelea alimzuia kwa kiwiko.

"Ulipoyameza yale maji," Yuliana alisema alipopata sauti, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilishuku."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Ukashuka kwa njia gani?"

Prisca alifikiria kudanganya. "Nilipita shambani."

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

Yuliana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyoijua tangu mwanzo. Akajifuta uso kwa shuka. "Wakinitoa hicho kivimbe chao napanda Mgeta kupalilia karoti zangu. Mjomba nitamwambia mwenyewe, kwamba neno la mtu aliyedanganywa kifo si neno." Akanyoosha mkono. "Leo hawanikati. Nifungulie hiyo chupa."

Prisca akafungua kizibo, akampa. Yuliana alijaza kinywa mpaka mashavu yakavimba, akayazungusha maji, akimtazama dada yake usoni. Prisca akarudisha miguu nyuma, ili sakafu ipate nafasi. Akangoja.

Yuliana akameza. Kisha akainua chupa akanywa yaliyobaki yote, kwa sababu alikuwa na kiu tangu jana.