Maji ya Nyungu ya Semeni

Watu wa Pongwe walimjua Uweso kwa miguu yake. Ilikuwa imepinda kwa ndani, na nyayo zake zilikuwa ngumu kama kwato, kwa miaka ishirini na mitatu ya kukwea minazi ya Bwana Khalifa. Alizaliwa Mkwaja, shule hakuiona, na katika chuo cha Kurani aliishia juzuu amma. Alipoanza kuwa mzito wa kupanda, Bwana Khalifa alimshusha mnazini akamfanya msimamizi wa shamba. Akampa kanzu mbili na kofia. Tangu siku ile Uweso akaanza kuwaita wakwezi wenzake wa jana "watu wale".

Mkewe, Semeni, alikuwa Mdigo wa Moa. Alimcheka, akamwambia kanzu imempanda kichwani. Ulikuwa mzaha wa mke na mume, naye hakuujibu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mwaka wa hamsini na tano, masika yalipokwisha, Semeni akaanza kukohoa. Kifua kikambana, homa ikawa inamjia kila alasiri. Bwana Khalifa akaandika barua kwa daktari wa mjini, Semeni akapokewa, akadungwa sindano siku kumi, akarudi nyumbani na chupa ya dawa. Lakini siku alipoitoa barua ile, Bwana Khalifa alisema neno moja. Hakutaka kusikia kwamba mtu aliyemwombea daktari anapikiwa majani. Hayo, alisema, ni mambo ya wakwezi.

"Kwangu hakuna hayo, bwana," Uweso akasema.

Alisema pale shambani, mbele ya wakwezi wenyewe, na akaona fahari.

Homa ikarudi. Semeni akamwita dada yake Chiku kutoka Moa. Chiku akaja na tita la majani: kivumbasi, mlimau, mpera, na mengine ambayo hakuyataja. Hakuja kushindana na daktari. Dawa ya chupa alimnywesha mgonjwa kwa saa zake, kisha akatenga nyungu. Ndiyo desturi ya kwao: chungu cha majani kinachemshwa, mgonjwa anafunikwa blanketi pamoja nacho, anavuta mvuke mpaka jasho limtiririke. Siku saba mfululizo. Na maji yake hayamwagwi nyumbani. Yanabebwa mpaka njia panda, yanamwagwa pale, na aliyeyabeba anarudi bila kugeuka nyuma. Ugonjwa unaachwa barabarani. Ukiyamwaga mlangoni umeurudisha ndani.

Mbebaji ni mtu wa nyumba ile, na maji ya mke hubebwa na mumewe. Uweso aliyajua hayo. Lakini njia panda ya Pongwe iko mbele ya duka la Himyar, na barazani pale watu hushinda wakicheza bao. Msimamizi, na kanzu yake, apite na chungu begani? Siku ya kwanza akasema mgongo unamuuma. Siku ya pili akasema anawahi shamba. Chiku akabeba mwenyewe. Siku ya tatu Semeni akamwomba kwa kinywa chake.

"Leo ubebe wewe, Baba Mastura. Chiku ni mgeni hapa."

Mastura ni binti yao wa pekee, aliyeolewa Mkwaja. Semeni alipotaka jambo kwa moyo, alimwita hivyo. Uweso akaitikia kwamba atabeba. Moyoni alikwisha kumwachia Chiku.

Alasiri, Semeni yumo ndani ya blanketi uani, Chiku yuko kisimani, gari likapiga honi barabarani. Uweso akaitambua ile honi. Bi Turkiya, mke wa Bwana Khalifa, alikuwa ameahidi kuja Ijumaa kumtazama mgonjwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Hakufikiri. Alilivuta blanketi. Semeni alikuwa amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni, akamtazama mumewe kama mtu aliyeamshwa ghafla. Uweso akakishika chungu kwa pindo la kanzu, akakiinua.

"Usimwage hapo," Semeni akasema.

Akamwaga. Hapo hapo, chini ya kizingiti cha mlango wa uani. Majani akayasukuma kwa mguu nyuma ya banda la kuku, chungu akakifunika kwa ungo. Kisha akakimbilia mlango wa mbele, akasimama, akainyoosha kanzu.

Hakuja mtu. Kwa ile hofu yake alisahau jambo ambalo hata mtoto wa pwani analijua: mwanamke anayekwenda kumtazama mwanamke mwenzake hapiti barazani. Bi Turkiya alizunguka nyumba, akaja kwa mlango wa uani.

Uweso alipokimbia kurudi, alimkuta amesimama nje ya kizingiti, mwanamke mnene, buibui la hariri, bangili za dhahabu hadi nusu ya mkono. Alikuwa anautazama mchanga. Ulikuwa bado unafuka, na jani moja la kivumbasi lilikuwa limebaki juu yake. Uweso akangoja kutukanwa. Bi Turkiya alilikunja buibui lake juu ya vifundo vya miguu, akapiga bismillahi chini kwa chini, akaruka. Mwanamke wa umri ule na unene ule akayaruka yale maji kama msichana anayeruka kamba. Hakuna aliyemwambia ni maji ya nini.

Akaketi kwenye mkeka wa mgonjwa, akampa pole, akampa asali aliyomletea. Wakati wa kuondoka akamsogelea Uweso.

"Hayakumwagwa pahali pake," akamwambia.

Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenziwe kifungo kilichofunguka. Halafu akaruka tena, akaenda zake.

Kumbe na jumba kubwa nalo lina chungu chake. Uweso alibaki ameshika nguzo ya mlango. Alikuwa amemwaibisha mkewe ili kumficha mtu jambo analolijua, na huenda analijua kuliko yeye.

Chiku akarudi na ndoo. Aliuona mchanga, akaitua ndoo, akauliza ni nani aliyemwaga.

"Chungu kimepinduka," Semeni akajibu, amefumba macho.

Chiku aliitazama kanzu ya shemeji yake, iliyolowa kwa mbele. Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba nyungu iliyokatika haiungwi, yafaa ingojwe mpaka mwezi uandame. Semeni akasema iachwe.

Akafa siku ya kumi na mbili tangu hapo, asubuhi, dawa ya hospitali ikiwa bado robo chupa. Daktari alikuwa amesema kifua kile kimechoka siku nyingi. Uweso hakupata kusema kwamba nyungu ingemponya. Hajui, hata leo hajui. Alilolijua ni kwamba mkewe alimwomba jambo moja, na la pili alimwomba asilifanye, naye akamkosea yote mawili. Na kwamba marehemu alimsitiri. Tangu siku ya mazishi hakupita tena mlango wa uani. Aliingia na kutoka kwa mbele, kama mgeni.

Arobaini ilipokwisha, Bi Turkiya akamwita ghalani, nyuma ya nyumba. Viuno vilikuwa vinamsumbua, alisema, na sindano hazikumfaa. Bwana amevuka Unguja, hatarudi kabla ya siku kumi. Alitaka majani ya yule shemeji yake wa Moa. Kisha akatazama chini, akachezea bangili.

"Na maji utanibebea wewe. Watumishi wangu wote wana midomo."

"Ndiyo, bibi," Uweso akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalipima, kama lile la shambani. Alikuwa njiani kurudi kwake lilipomfikia: la mkewe alilikataa, la bibi amelikubali kwa pumzi moja.

Alikwenda Moa. Chiku akamchumia majani bila kumuuliza mgonjwa ni nani, akayafunga kwa ukindu, akaukaza mpaka ukalia.

"Na maji atabeba nani, shemeji?"

"Mimi."

"Njia panda umeijua sasa," Chiku akasema, akampa tita.

Uweso akalitia kwapani, akashika njia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alitoka kwa Bi Turkiya na chungu begani. Bibi alimtaka apite kichochoroni, azungukie nyuma ya mikorosho. Alipita barabarani. Barazani kwa Himyar bao likasimama. Himyar, mtu wa mizaha siku zote, akamuuliza kama msimamizi ameanza biashara ya maji. Watu wakacheka. Mzee mmoja, aliyejua chungu kile ni cha nini, hakucheka.

"Maji ya nani hayo, Uweso?"

Jina la bibi lilikuwa halitajiki. Kusema "sijui" kusingewezekana. Akasimama pale, jasho linamwingia machoni, na watu wote wanamtazama.

"Ya Semeni," akasema.

Kicheko kikakatika. Himyar, aliyekuwa mmoja wa waliolibeba jeneza, aliziweka kete chini. Wakadhani msiba umemharibu akili, na mmoja akanyanyuka amsaidie chungu. Uweso akakataa kwa kichwa. Alijua alichokifanya. Alimficha mkewe alipokuwa hai, na sasa yumo kaburini amemtandaza juu ya mke wa mtu mwingine kama shuka. Lakini pia lilikuwa jina lake, limetajwa mbele za watu pamoja na chungu, na mumewe ndiye aliyelitaja.

Akayamwaga katikati ya njia panda. Akarudi bila kugeuka, kwa hiyo hakuona nyuso zao. Kwake akaingia kwa mlango wa uani.

Siku ya pili akapita tena na chungu. Wakampisha, na hawakumuuliza.