Usimpe Kichwa Chako

Kama utacheka, cheka sasa umalize. Nikishaanza sitaki kukatizwa, kwa maana haya yalitupata sisi wenyewe, mimi na mama yangu, hapa hapa Kitengela, na sikusimuliwa na mtu. Wala usitazamie nikuambie ilikuwa usiku wa manane na bundi analia. Ilikuwa jioni, jua bado linawaka kwenye mabati ya watu, na mimi nilikuwa na sare ya shule.

Nilikuwa kidato cha tatu. Sisi ni watu wa Kakamega, lakini mama alikuwa akifanya kazi kwenye shamba moja la maua huko Isinya, na tulipanga vyumba viwili kwenye ploti ya mwisho kabisa, pale nyumba zinapoisha na uwanda unapoanza. Baba alikwenda zake zamani, tusimzungumze. Tulikuwa wawili tu. Mama aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake mzazi. Hata akikasirika aliniita hivyo. "Kukhu, hizi vyombo zitajiosha?"

Gari la kazini lilikuwa likimshusha barabarani, naye hukata njia katikati ya uwanja mtupu, kando ya seng'enge. Siku moja aliingia akicheka. Amekutana na ajuza wa Kimaasai kwenye ile njia, ajuza akamsalimu, "Takwenya," salamu ya Kimaasai kwa mwanamke, naye mama akajibu, "Iko," kama tunavyojibu sote wanawake tunaokaa huku. Kisha ajuza akanyoosha mkono. Mama akainama, akampa kichwa.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Mtoto wa Kimaasai hamsalimu mkubwa kwa mkono. Huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa, basi. Ni adabu nzuri, nami nimeifanya mara nyingi. Lakini mama yangu, mtu mzima na kitambaa chake kichwani! Aliona akitoa mkono ataonekana mgeni asiye na heshima.

Jirani yetu Mama Naserian, aliyekuwa akituuzia maziwa, alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Kukhu, wewe ni mtoto? Kichwa ni ya watoto. Sisi watu wazima tunasalimiana na mkono." Kisha kicheko kikamwisha. "Na huyo koko, huyo nyanya, ni wa wapi? Huko hakuna boma."

Mama hakujali. Alitia maziwa kwenye sufuria, tukanywa chai.

Wiki hiyo hiyo aliacha kulala. Akatundika mablanketi kwenye madirisha, akaacha kwenda kazini, akaacha kuoga, yeye aliyekuwa akinifukuza na ndoo. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. "Huyu msichana ni wa nani?" akauliza. "Aende kwao." Wewe umewahi kuulizwa na mama yako kwenu ni wapi? Kama hujaulizwa, shukuru. Nilikaa jikoni nikalia mpaka kengele ya shule ikanipita.

Kutwa alikaa kitandani ameelekea ukuta. Ghafla husema, "Iko." Hunyamaza, kisha tena, "Iko." Wakati mwingine huinamisha kichwa mbele ya ukuta na kutulia, kama anayesubiri kitu.

Nilimpigia mjomba anayekaa Rongai, kaka yake mkubwa. Alikuja, lakini hakuja na daktari. Alikuja na watu wa kanisa lake, chupa za mafuta ya upako, na sauti kubwa. "Hii si ya daktari," alisema. "Hii ni ya magoti."

Walimzunguka wakaweka mikono kichwani mwake. Mama akasema, "Iko."

Wee! Ungewaona. "Amekiri mwenyewe!" mama mmoja akapiga kelele. "Amesema iko! Iko wapi? Ni ngapi? Toka!" Mama, maskini, kila walipomfokea alizidi kujibu, "Iko, iko," na kila alipojibu walizidi kumkandamiza. Niliwaambia, "Anajibu salamu. Hiyo ni Kimaasai, anajibu takwenya." Hata jirani angewaeleza. Mjomba akaniambia nitoke nje, mambo ya kiroho si ya watoto. Watu hao wamekaa Kajiado miaka, wananunua maziwa na nyama kwa Wamaasai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujifunza salamu ya kumpa mwanamke.

Wakamwekea mfungo. Mgonjwa asiyelala, sasa akakatazwa na kula. Nilikuwa nikificha uji kwenye mkebe wa vitabu na kumlisha wakitoka, na alikula akinitazama kwa woga, kama anayelishwa na polisi. Kisha nikasikia mjomba akisema Jumamosi wanampeleka kwenye nyumba ya maombi, mahali ambapo wagonjwa hufungwa minyororo mpaka pepo atoke. Wanafungwa ili wafunguliwe, eti. Nilijua akienda huko simpati tena.

Ijumaa nilitoka shule mbio. Nikakuta mlango wazi, kitanda kitupu, na mlinzi waliyemwacha yuko kwenye simu nyuma ya nyumba. Sikumuuliza. Niliruka mfereji nikashika ile njia ya seng'enge.

Upepo wa uwanda unaujua? Siku hiyo ulikuwa unabeba vumbi na mifuko, sketi yangu inanipiga magotini, macho yanawasha. Nikamwona mama, miguu mitupu, ameinama. Mbele yake amesimama ajuza mrefu, mwembamba, mkono wake uko juu ya kichwa cha mama.

Niamini hapa, hata kama hutaamini mahali pengine. Shuka ya yule ajuza haikuwa inatikisika. Mimi napeperushwa, gauni la mama linapeperushwa, nyasi zimelala, na shuka yake imening'inia kimya kama nguo iliyo ndani ya kabati.

Aligeuka. Alikuwa bado mbali, lakini sauti niliisikia shingoni. "Takwenya."

Mdomo wangu ukajibu, "Iko." Sikuutuma. Miguu ikanipeleka mpaka karibu, na shingo ikaanza kuinama. Si mimi niliyeiinamisha. Niliona kiganja kinakuja, na nilihisi utulivu, ule utulivu mtamu wa mtu anayetaka kulala baada ya siku nyingi za kutolala. Unafikiri niliogopa? Ningeogopa ingekuwa afadhali. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kile kiganja.

"Kukhu! Usimpee kichwa! Kukhu, usimpee!"

Mama alinisukuma kwa mwili mzima, tukaanguka vumbini. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Na huo ni uwanda, ndugu yangu. Mbuzi akisimama huko unamwona kutoka barabarani. Pa kujificha ni wapi?

Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yake. "Kukhu, mbona umekonda hivi?" akasema. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu ambaye simu yake inakaribia kuzima, "Nipeleke hospitali. Kichwa yangu haiko sawa. Nipeleke hospitali, mama." Wiki zote zile watu walimpigia kelele, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anataka nini.

Hatujafika mwisho wa seng'enge akili yake ikawa imeondoka tena, ananiuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia mimi ni wako, na nikazidi kumvuta.

Sikumrudisha nyumbani. Nilimpeleka kwa Mama Naserian, naye hakuuliza maswali mengi. Alimfunga mama shuka yake mwenyewe, akamwita mumewe atoe pikapu, na tukaenda hospitali Kajiado jioni ile ile. Kwa hiyo usije ukaniambia eti Wamaasai walimroga. Aliyetubeba ni Mmaasai. Waliotaka kumtia minyororo ni damu yangu.

Daktari alikuwa msichana tu, mpole. Alisema ni ugonjwa wa akili, una dawa, na mtu akiwahishwa hupona vizuri zaidi. Kisha akauliza, "Mbona mmekaa naye hivi?" Nikajibu mimi, na sare yangu ya vumbi, kwa niaba ya watu wazima wote.

Mama yuko hai. Ananijua, karibu kila siku. Anameza tembe asubuhi na jioni, mikono inamtetemeka, chai humwagika na hujifanya hakuona. Kazini walishaweka mtu mwingine. Mjomba alisema nimemuuza dada yake kwa sindano, na mpaka leo hapokei simu yetu. Wale mama wa mafuta wakiniona sokoni hugeukia nyanya wakazibonyezabonyeza. Siwasalimu. Nimejaribu kuwasamehe, na imeshindikana.

Kichwa changu hakiguswi na mtu, hata mchungaji akibariki watoto wa shule. Husonga nyuma.

Watu huniuliza kama ni yule ajuza aliyemharibu mama, au mama alikuwa tayari mgonjwa na yule akamfuata kwa sababu ya udhaifu. Sijui. Nikikuambia najua nitakuwa kama wao. Wewe kaa mbali na ile njia jua likishuka, na anayekusalimu huko usimjibu. Lakini siku mzazi wako atakapokuuliza wewe ni mtoto wa nani, usingoje wakubwa wamalize kikao. Mtafutie gari. Mimi nilimwona yule ajuza kwa macho yangu, na bado nilimpeleka mama hospitali. Waliomnyima chakula hawakuona kitu chochote.