Kasia la Jumapili, Damu ya Jumatatu

Chekeni tu, ila mngoje nimalize, maana ile aibu bado naionaga kila nikipita pale hospitali. Walikuja watafiti Musoma, wanatafuta alama ndani ya damu za kuonyesha moyo umeanza kuugua kabla mtu hajaanguka, nami nikajiandikisha mbiombio, maana mjomba wangu, kaka yake mama, alianguka zizini Butiama akiwa hajawahi kulalamika hata siku moja. Sharti lilikuwa moja: siku mbili kabla ya kutoa damu, hakuna kazi nzito. Sasa Jumapili ndiyo mashindano ya kupiga kasia, mtumbwi wetu wa Kigera umepungukiwa mtu, mimi nifanyeje, nikae nitazame? (Na hiki kitambi changu mnakijua.) Tulipiga kasia mpaka nikaona nyota, tukawa wa pili, nikacheza pale mwaloni, ufukweni, kama tumechukua kombe!

Jumatatu nesi wa utafiti akaniuliza, "Umepumzika?"

"Sana, dada."

Kesho yake simu: njoo haraka, uje na ndugu. Mke wangu akampigia mama, mama akawaambia wa kanisani, basi nafika hospitali nakuta kibaraza kimejaa watu wa Butiama na Kiabakari, wanaimba mapambio, na mama kanishika mkono analia, "Baba, nitauza ng'ombe wote, wewe hutakufa." Daktari akasema alama ya moyo kwenye damu yangu imepanda vibaya.

"Hukufanya kazi nzito?"

"Hapana." (Mke wangu amesimama hapohapo, na Jumapili nilimuaga naenda kuona mgonjwa!)

Akaanza kuniandikia rufaa ya Mwanza. Nikaishika kalamu yake. "Daktari, nisamehe, nilipiga kasia."

Pambio likakatika. Mke wangu akasema, "Kumbe mgonjwa wako alikuwa mtumbwini?" Watu hoi!

Daktari alinifokea mpaka basi, halafu akasema maadamu ukoo mzima umekuja, wanaotaka nao wapimwe. Mama akatoa damu huku ananicheka. Yangu iliporudiwa, nikiwa nimepumzika kweli, ilikuwa safi. Ya mama haikuwa safi, na kipimo cha moyo kikaonyesha ugonjwa ndiyo kwanza unaanza. Umewahiwa, jamani! Nilirukaruka pale nje huku nalia, sikujali nani ananitazama.

Leo anameza dawa na ng'ombe wake anakamua mwenyewe. Ananiambiaga, "Uongo wako umeniponya, lakini usirudie." Sirudii, mama. Siku hizi daktari akiniuliza kama nimepumzika, namtajia mpaka ndoo ya maji niliyobeba asubuhi.