Refa wa Mkono Mmoja

Hadi sasa siamini. Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa Ruiru, refa alipuliza filimbi ya kona, akaanza kukimbilia kwenye kibendera, akaanguka. Tulidhani amejikwaa. Wachezaji waliokuwa wakibishana naye muda mfupi kabla ndio waliomgeuza, kisha mmoja wao akainua uso na kututikisia kichwa. Mtu aliyekuwa akikimbia mbele ya macho yetu alikuwa amekufa. Mimi nikabaki nimeshika kofia yangu nisijue niipeleke wapi.

Nilimfahamu tangu akiwa golikipa wa timu ya shamba moja la katani huko Thika, kabla mashine ya kuchambua katani haijamkata mkono wa kulia. Alipotoka hospitali, nyapara wake alimwambia, tena kwa huruma kabisa, "Pole, ndugu yangu. Sasa wewe ni wa kukaa tu." Naye akakaa kweli, mwezi baada ya mwezi. Nilipomtembelea kwake Kalimoni nilimkuta ameegemea ukuta, hajanyoa ndevu, viatu havijafungwa kamba. Mkewe alikuwa akimenya viazi. "Baba watoto," akamwambia mbele yangu, "kilichokatika ni mkono. Na miguu je, umeikataza kazi kwa nini?" Nilipoaga, mumewe alinisindikiza hadi barabarani, na Jumapili iliyofuata akaonekana uwanjani.

Golini hakurudi, hilo alilikubali, ingawa lilimuuma. Siku moja refa hakutokea, wachezaji wakamtwika filimbi. Mtazamaji mmoja akapaza sauti, "Aai! Huyu ataonyesha kona kwa mkono gani?" Watu wakacheka. Yeye akakimbia hadi pembeni mwa uwanja, akasimama pale. "Kona ni hapa niliposimama," akasema. "Leteni mpira." Tangu siku hiyo hakuwahi kuamua jambo akiwa mbali nalo.

Upungufu wake ulikuwa wa kweli, wala sitadai kwamba bidii ingemwotesha mkono mwingine. Lakini mashine ilichukua mkono tu. Miezi ile yote ya kuegemea ukuta ilichukuliwa na neno la mtu aliyemwonea huruma. Viwanda vinazidi kujengwa Thika, na wenzetu watazidi kurudi nyumbani na bendeji. Tukienda kuwapa pole, tusiwahukumu kukaa. Tuwaulize wangependa kuanza na nini, kisha tuwe na subira ya kungoja jibu.